Tetemeko Moja Zaidi: Kisa cha Darasa Lililojifunza Logarithimu kwa Data za Papo kwa Papo

Makundi mawili ya wanafunzi yalipakua orodha ileile ya matetemeko ya ardhi, kutoka chanzo kilekile, ndani ya kipindi kimoja. Kundi moja likapata tetemeko moja zaidi. Kila upande ukaushutumu mwenzake kwa kuhesabu vibaya, wakahesabu upya, na idadi zikabaki vilevile. Mwalimu aliyeingia darasani na andalio la somo la logarithimu akajikuta anaamua ubishi ambao haukuwemo kwenye andalio hilo.

Ubishi huo ndio unaofanya kisa hiki kifae kuchambuliwa. Data za papo kwa papo husifiwa sana kwa sababu ni mbichi: mwanafunzi anaona dunia ikitikisika leo, si mwaka kitabu kilipochapishwa. Naiona sifa hiyo kuwa ndogo. Ubichi wenyewe huisha utamu baada ya dakika kumi hivi, na mwanafunzi aliyekuwa anashangaa anaanza kuuliza kazi ni nini. Faida kubwa ni kwamba data hizi hufika na taka zake. Majedwali ya kitabu cha kiada yamekwisha chekechwa, namba zimechaguliwa ili mstari unyooke, na mwanafunzi hana sababu ya kuuliza nani alipima na alipima vipi. Orodha inayobadilika mbele ya macho yake humlazimisha aulize.

Darasa lenyewe lilikuwa la sekondari, la wanafunzi wa miaka kumi na mitano hadi kumi na saba. Vipindi viligawanywa kati ya mwalimu wa hisabati na mwenzake wa fizikia. Chanzo kilikuwa orodha ya matetemeko ya USGS, Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani, ambayo ni ya bure, iko wazi kwa yeyote, na husasishwa kila dakika. Mtu huchagua muda (saa iliyopita, siku, siku 7 au siku 30) na ukubwa wa chini kabisa: yote, au kuanzia 1.0, 2.5 au 4.5. Kila mstari wa faili una wakati kwa saa za UTC (saa ya pamoja ya dunia), latitudo na longitudo, kina kwa kilomita, ukubwa, aina ya kipimo cha ukubwa kilichotumika, muda ambao taarifa iliguswa mara ya mwisho, na hali yake: imetolewa na mashine tu au imekwisha pitiwa na mtaalamu. Faili hufunguka kwenye lahajedwali lolote bila kuhitaji programu maalumu.

Mwalimu wa hisabati alitaka wanafunzi waone kwa nini logarithimu zipo. Wa fizikia alitaka wapate mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia vinavyosogea, na nishati ya tetemeko. Wote wawili walidhani orodha itawahudumia kimyakimya.

Tetemeko lililotoweka

Makundi yalianza na orodha ya siku 7 ya matetemeko ya 4.5 na zaidi. Dhana ya kwanza ilitoka kwa mwanafunzi mmoja, nayo ilikuwa nzuri: "siku 7 zilizopita" si wiki ya kalenda. Ni saa 168 zinazohesabiwa kurudi nyuma kuanzia dakika ya kupakua. Aliyechelewa dakika ishirini amekosa dakika ishirini za mwanzo na kuongeza ishirini za mwisho. Kwa hiyo faili mbili zinaweza kutofautiana bila yeyote kukosea.

Walipolinganisha mstari kwa mstari, dhana hiyo ilianguka. Tetemeko lililozidi lilikuwa la katikati ya wiki, mbali na kingo zote mbili. Wakalitafuta kwenye orodha pana ya kuanzia 2.5 na kulikuta humo, mahali palepale, sekunde ileile, ila ukubwa wake sasa ulisomeka 4.4. Safu ya muda wa kusasishwa ilionyesha kwamba lilikuwa limeguswa dakika chache tu zilizopita. Mtaalamu fulani, akiwa mbele ya kompyuta yake, alikuwa amerekebisha namba, na tetemeko likavuka mpaka likatoka kwenye orodha.

Mwalimu angeweza kuokoa muda kwa kusema, "Msijali, sote tutumie faili la kundi la kwanza." Hakusema hivyo, na nusu ya kipindi ikaenda. Nadhani alifanya vema kuvumilia. Lakini tukio kama hili si la kuachiwa bahati. Anayefundisha kwa data za aina hii ajue mapema kwamba litatokea, na aamue litatokea saa ngapi. Utaratibu ambao darasa liliufikia baadaye unatosha: data ziangaliwe zikiwa hai mwanzoni mwa kipindi, kisha faili moja ligandishwe, liandikwe jina lenye tarehe na dakika ya kupakuliwa kwa saa za UTC, na hesabu zote zifanywe juu ya faili hilo. Ukitaka kuonyesha mabadiliko, pakua la pili kesho yake na uyaweke pamoja. Faili lililogandishwa lina faida nyingine ya kawaida kabisa, kwamba somo halikatizwi intaneti inapokatika.

Swali lililofuata lilimwangukia mwalimu wa fizikia: "Mwalimu, kama wamelipima kwa vyombo, kwa nini namba ibadilike?"

Alijibu kwa mfano wa Japani, na sioni mfano ulio bora zaidi. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko lilipiga nje ya pwani ya kaskazini mashariki. Dakika tatu baadaye Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilikwisha toa makadirio ya ukubwa wa 7.9, na kwa makadirio hayo ikatangaza tahadhari ya tsunami ya mita 6 kwa mkoa wa Miyagi na mita 3 kwa mikoa ya Iwate na Fukushima. Baadaye siku hiyohiyo ukubwa ukapandishwa hadi 8.4, kisha 8.8, na siku mbili baada ya tetemeko ukawa 9.0. Kilichotokea si uzembe. Kipimo cha haraka hutegemea kimo cha mawimbi ya awali, na kipimo hicho kina ukomo: tetemeko likishakuwa kubwa mno, kimo cha mawimbi hayo hakiongezeki tena kwa kadiri ufa unavyorefuka. Ili kupata ukubwa wa kweli, ni lazima kungoja mawimbi marefu, na tsunami haingoji.

Tofauti kati ya 7.9 na 9.0 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Darasa lilipewa kazi ya kuikokotoa. Kila hatua moja ya ukubwa huzidisha nishati kwa 10 iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.5, yaani takriban mara 32. Hatua 1.1 ni 10 kwa kipeo cha 1.65, yaani takriban mara 45. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama logarithimu zina kazi.

Ramani inayosema uongo kwa ukweli mtupu

Kosa la pili la wanafunzi lilikuwa la kutabirika, na kwa bahati mwalimu alilitabiri. Waliweka orodha nzima, bila kikomo cha chini, kwenye ramani ya dunia, wakaulizwa ni wapi panapotetemeka zaidi duniani. Jibu lilikuja kwa sauti moja: California na Alaska. Nukta zilikuwa zimebanana huko hadi rangi ya ramani haikuonekana. Indonesia ilikuwa na nukta za kuhesabika.

Kila nukta ile ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa si kweli ni kudhani kwamba mahali pasipo na nukta hapakutetemeka. California ina mtandao mnene wa seismometa, vyombo vya kupima mitetemo ya ardhi, na tetemeko la ukubwa wa 1, ambalo aliyelala juu yake hageuki, linaingia orodhani. Katikati ya bahari hakuna kituo, hivyo tetemeko la ukubwa wa 3 hupita bila kuandikwa. Mwalimu aliwaambia wabadili kikomo kiwe 4.5, na ramani ikageuka: Tonga, Indonesia, Japani, Chile, mzunguko mzima wa Pasifiki ukajitokeza, na California ikabaki na nukta chache au bila hata moja.

Kuna jambo dogo humu ambalo darasa lililipita haraka, nami naona lilistahili muda zaidi. Orodha ile hubeba pia matukio yasiyo matetemeko, yakiwa na alama yake: milipuko ya machimbo ya mawe. Ukiyachuja na kuyapanga kwa saa za mahali husika, utayakuta yamejazana mchana, kwenye saa za kazi. Matetemeko ya kweli hayajui saa za kazi. Hili lingekuwa zoezi zuri la chati za nguzo kwa madarasa ya chini, lisilohitaji hata tone la logarithimu.

Mstari na mahali ulipopinda

Mwalimu wa hisabati hakuanza kwa kuandika kanuni ubaoni. Aliwaacha wachore chati ya kawaida ya idadi ya matetemeko kwa kila ukubwa. Nguzo ya matetemeko madogo ikafika juu ya karatasi, na ya ukubwa wa 6 ikawa kama kovu la penseli.

"Mwalimu, hii ya sita haionekani kabisa."

"Basi tafuteni namna ya kuifanya ionekane bila kuikata ile ndefu."

Mmoja alipendekeza chati mbili. Mwingine alitaka mhimili wenye mkato katikati. Wa tatu aliuliza kama inaruhusiwa kila hatua ya mhimili wa wima iwe mara kumi ya iliyo chini yake. Hapo logarithimu iliingia darasani ikiwa jibu la swali lililokwisha ulizwa, na ni nadra sana kwa mada hii kuingia kwa mlango huo.

Kabla ya kuwaacha warudi kwenye faili la wiki, aliwapa wastani wa miaka mingi wa dunia nzima unaotolewa na USGS hiyohiyo. Kwa mwaka, matetemeko ya 8 na zaidi ni takriban 1. Ya 7 hadi 7.9 ni takriban 15, ya 6 hadi 6.9 ni 134, na ya 5 hadi 5.9 ni 1,319. Ukijumlisha kutoka juu kushuka, unapata 1, 16, 150 na 1,469. Logi zake, yaani vipeo vya 10 vinavyotoa namba hizo, ni 0, 1.20, 2.18 na 3.17. Tazama hatua zake: kila ukubwa ukishuka kwa moja, logi inapanda kwa karibu moja. Nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka wenye mteremko wa takriban hasi moja. Huu ndio uhusiano ambao wanasayansi wa matetemeko Beno Gutenberg na Charles Richter waliuandika mwaka 1944, na mwanafunzi anaweza kuufikia mwenyewe kwa namba nne na penseli.

Uamuzi huu wa kuweka data za miaka mingi kando ya data za wiki ndio ulioliokoa somo, kwa maoni yangu, ingawa hautajwi sana watu wanaposifu data za papo kwa papo. Wiki moja peke yake ina kelele nyingi mno. Wastani wa matetemeko 16 ya 7 na zaidi kwa mwaka maana yake ni moja kila wiki tatu hivi, kwa hiyo wiki nyingi hazina hata moja. Darasa lisilojua mstari wa muda mrefu haliwezi kutofautisha kelele na jambo.

Jambo lilikuwepo. Makundi yalipochora faili la siku 7 kuanzia 2.5, upande wa matetemeko makubwa ulinyooka kiasi, lakini mstari ulipokaribia ukubwa wa 4 kwenda chini ulipinda na kulala. Kwa mstari wa miaka mingi, matetemeko ya 2.5 na zaidi yangepaswa kuwa takriban 464,000 kwa mwaka, yaani karibu 9,000 kwa wiki. Faili lilikuwa na mia chache tu. Maelfu yaliyobaki yako wapi?

Wanafunzi waliokumbuka ramani walijibu mara moja: hayakusikika. Wengine walikuwa wameshafanya kitu cha hatari zaidi, nacho ni kuliagiza lahajedwali lipitishe mstari kwenye nukta zote. Lahajedwali halina haya. Lilipitisha mstari, likatoa mteremko mdogo mno, likaandika na kipimo cha ulinganifu kinachopendeza. Mmoja wao alitetea jibu lake kwa nguvu: data ndizo data, mwalimu hana haki ya kutupa zile zisizompendeza. Alikuwa na hoja. Kutupa nukta kwa sababu haziko kwenye mstari ni udanganyifu. Kinachoruhusu kuziacha ni sababu iliyo nje ya grafu: tunajua vituo haviyasikii matetemeko madogo kila mahali, na tungeweza kulijua hilo hata kama hatujawahi kuchora mstari wowote. Wataalamu wa matetemeko wana utaratibu huohuo. Huutafuta kwanza ukubwa ambao chini yake orodha haikamiliki, ndipo wapime mteremko juu ya hapo.

Shimo la kilomita kumi

Kipindi cha kina kilikuwa kifupi, na kilichosisimua kuliko vyote. Chati ya idadi kwa kina ilionyesha mnara mmoja mrefu kwenye kilomita 10 kamili. Si 9.8, si 10.3. Kumi. Dhana zikamiminika: kuna tabaka fulani, kuna mpaka wa miamba, kuna kitu kinachovunjika pale.

Hakuna kitu pale. Vituo vikiwa mbali, kina na wakati wa kuanza kwa tetemeko huchanganyika kwenye hesabu. Tetemeko la chini zaidi lililoanza baadaye kidogo na la juu zaidi lililoanza mapema kidogo hufika kituoni karibu pamoja. Data zisipoweza kutofautisha, mtaalamu hukifunga kina kwenye namba ya kawaida, na kwa matetemeko mengi ya juu namba hiyo ni kilomita 10. Zamani ilikuwa aghalabu 33, na ukipakua orodha za miongo iliyopita mnara unauona pale. Mnara ule basi haupimi dunia, unapima mahali ambapo hatukuweza kupima. Wakati huohuo faili hilohilo lilikuwa na matetemeko ya kweli ya kina cha kilomita mia kadhaa karibu na Tonga na Fiji, ambako bamba la Pasifiki huzama, nayo yalipaswa kuwa kiini cha somo la fizikia. Mnara uliyafunika. Mwalimu mwenye muda mdogo aanze na ya kina kirefu, mnara uje baadaye.

Swali ambalo hesabu inalijibu vizuri kuliko maneno

Mwishoni mwanafunzi mmoja aliuliza jambo linalosikika kila penye hatari ya matetemeko: je, matetemeko madogo hayatoi nishati kidogo kidogo ili kubwa lisije?

Darasa lilikuwa tayari na vipande vyote vya jibu. Nishati ya tetemeko moja la 8 ni sawa na ya matetemeko 1,000 ya 6, kwa kuwa hatua mbili ni 10 kwa kipeo cha 3. Lakini mstari wa idadi unatoa takriban mara 100 tu ya matetemeko kwa hatua mbili. Yanahitajika elfu, yapo mia hivi. Ukishuka hadi 5 hali inakuwa mbaya zaidi: yanahitajika karibu 32,000, na dunia nzima kwa mwaka hutoa takriban 1,500. Kila ukishuka ngazi moja, idadi inazidishwa kwa 10 na nishati ya kila moja inagawanywa kwa 32, hivyo mchango wa ngazi hiyo kwa jumla hupungua hadi kama theluthi ya ngazi iliyo juu yake. Madogo hayawezi kulilipia kubwa. Vipeo viwili, 1 na 1.5, vilivyotoka kwenye masomo mawili tofauti, vilikutana ubaoni na kulimaliza swali.

Kuna usumbufu mmoja wa kuusema wazi. Somo la aina hii humweka mwalimu katika hali ya kungojea tetemeko kubwa ili grafu ipendeze. Kwa wastani wa 16 kwa mwaka, nafasi ya wiki yoyote kupata angalau moja la 7 na zaidi ni kama moja kwa nne, na likitokea chini ya watu, nukta ile ni maafa. Walimu hawa walikubaliana mapema kwamba likitokea, hesabu inasimama kwanza na habari inazungumzwa. Kwa mwalimu anayejaribu data za papo kwa papo kwa mara ya kwanza, ningependekeza aanze na vipimo vya kupwa na kujaa kwa bahari. Vinapatikana vivyo hivyo, havimuui mtu, na mawimbi yake ya takriban saa 12 na dakika 25 ni mlango mzuri wa saini na kosaini.

Jambo la mwisho lililobishaniwa lilikuwa alama. Ripoti zilikuja na miteremko tofauti, kwa kuwa kila kundi lilichagua lenyewe lianzie ukubwa gani. Kishawishi kilikuwa kutoa alama nyingi kwa aliyekaribia hasi moja. Mwalimu wa hisabati alikataa, na akagawa alama kwa mambo mawili: kama kundi liliandika dakika ya kupakua faili, na kama lilitaja ukubwa lililoanzia pamoja na sababu isiyotokana na grafu yenyewe. Yule mwanafunzi aliyetetea nukta zote aliwasilisha mistari miwili, mmoja wa nukta zote na mwingine wa kuanzia 4.5, akaandika chini yake kwamba wa kwanza unaeleza vituo na wa pili unaeleza dunia. Alipewa alama zote.